Ndoa za Wahindi wa Afrika Mashariki katika riwaya na filamu

Ndoa za Wahindi wa Afrika Mashariki ni mada inayojirudia katika riwaya na filamu kuhusu familia zenye asili ya Bara Hindi zilizohamia Tanzania, Kenya na Uganda. Katika kazi hizo ndoa ndiyo inayoonyesha kama familia iliyokaa Afrika kwa vizazi kadhaa inajiona kuwa ya hapo.

Historia

Wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kachchh walifika pwani kwa majahazi kabla ya ukoloni. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa kituo chao kikuu. Kati ya miaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka Uhindi kujenga reli ya Uganda, na wengi wao walirudi kwao.

Wahindi hawakuwa jamii moja. Waismailia, Wabohora, Wahindu, Masingasinga na Wagoa walikuwa na nyumba zao za ibada, na kwa kawaida kila kundi lilioana lenyewe kwa lenyewe. Hata hivyo, baadhi ya wanaume waliotangulia walizaa na wanawake Waafrika. Watoto hao waliitwa chotara, mara nyingi kwa dharau.

Riwaya

Katika Day After Tomorrow (1971) ya Bahadur Tejani, kijana Mhindi anamwoa Mwafrika nchini Uganda, na ndoa yao inatazamwa kama mwanzo wa jamii mpya.

M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, hana matumaini hayo. Katika The Gunny Sack (1989), Salim Juma anarithi gunia lenye kumbukumbu za ukoo. Humo anatokea Dhanji Govindji, baba wa babu yake, aliyezaa mtoto wa kiume, Huseni, na Taratibu, mwanamke aliyekuwa mtumwa. Baadaye Dhanji anaoa mke wa jamii yake. Huseni anapotoweka, baba yake anamtafuta hadi kutumia fedha za jumuiya. Vizazi viwili baadaye Salim anampenda Amina, msichana Mwafrika, lakini hawaoani. Kwa hiyo ukoo unaokwepa ndoa na Waafrika umetokana na bibi Mwafrika.

Katika The In-Between World of Vikram Lall (2003), iliyompa Vassanji Tuzo ya Giller kwa mara ya pili, Deepa wa Nakuru anampenda Njoroge, Mkikuyu waliyekua pamoja. Familia inapinga, naye anaolewa na Mhindi.

Filamu na televisheni

Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair inahusu familia iliyofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Jay, baba wa familia, anajiona Mganda na anadai mali yake iliyochukuliwa. Lakini huko Marekani binti yake Mina anapompenda Demetrius, Mmarekani Mweusi, wazazi wanakataa.

Kazi hizi zote zimetungwa kwa Kiingereza. Watazamaji wa Kiswahili wanaijua zaidi ndoa ya Kihindi kupitia tamthilia kutoka Uhindi zilizoingizwa sauti za Kiswahili, ambazo mara nyingi husimulia ugomvi wa mke na mama mkwe katika nyumba moja. Tamthilia hizo hazihusu Wahindi wa Kariakoo, Nakuru wala Kampala.