Ini Katika Maandishi ya Garnham

Percy Cyril Claude Garnham, daktari aliyezaliwa London mwaka 1901, alitumikia idara ya tiba ya serikali ya kikoloni nchini Kenya kuanzia 1925 hadi 1947. Aliandika juu ya mengi: homa ya kujirudia iletwayo na chawa, mbu, hata milipuko ya malaria kwenye miinuko ya Londiani, ambako baridi ilidhaniwa kuwa kinga tosha. Lakini kazi zake zenye uzito mkubwa zaidi zinarudi kwenye kiungo kimoja, ini.

Ya kwanza ilitoka mwaka 1931, na chimbuko lake ni shamba la kondoo kando ya Ziwa Naivasha, chini ya Mlima Longonot. Mwaka uliotangulia, wanakondoo wachanga walikuwa wakifa saa chache baada ya kuonyesha dalili, na kondoo wenye mimba wakizitupa. Robert Daubney na J. R. Hudson, watafiti wa mifugo wa Kabete, walipopasua mizoga walikuta ini limepauka, lina madoa, na linavunjika kirahisi. Chini ya hadubini seli zake zilikuwa zimekufa kwa makundi, na ndani ya viini vya baadhi ya seli mlikuwa na chembe za ajabu. Maji ya damu yaliyopitishwa kwenye chujio linalozuia bakteria bado yaliambukiza, dalili kwamba kisababishi ni virusi. Kondoo walipohamishiwa nyanda za juu vifo vilikoma, na shaka ikaangukia mbu.

Wachungaji nao walishikwa na homa, na watafiti maabarani vilevile. Hapo ndipo daktari wa binadamu alipohitajika, na jina la Garnham likaandikwa pamoja na ya wale wawili katika makala iliyoutambulisha ulimwenguni ugonjwa uitwao leo Homa ya Bonde la Ufa. Thamani ya makala hiyo iko hasa katika ushirika huo: mnyama na mchungaji wake walichunguzwa kama wahanga wa ugonjwa mmoja. Wagonjwa wengi hupona bila madhara makubwa, ila wachache huharibika ini na kuvuja damu. Katika mlipuko wa 2006 na 2007 Kenya ilihesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki.

Fumbo la pili lilikuwa la malaria. Tangu 1903, kwa kumfuata Mjerumani Fritz Schaudinn, iliaminika kwamba vimelea vinavyotoka kwa mbu huingia moja kwa moja kwenye chembe nyekundu za damu. Hata hivyo, damu ya mtu aliyeumwa na mbu hukaa siku kadhaa bila kuonyesha kimelea hata kimoja. Vilikuwa wapi? Akiwa bado Kenya, Garnham alikuta uvimbe mdogomdogo kwenye ini la tumbili, na mwaka 1947 akaeleza kwamba kimelea cha tumbili hao, jamaa wa karibu wa vile vya malaria, hukulia humo. Ilichukua hadi 1961 yeye na wenzake kuthibitisha kwamba kimelea hicho huenezwa na usubi, si mbu.

Aliporudi London alijiunga na Henry Shortt. Mwaka 1948 walionyesha kimelea cha malaria ya nyani kikikua ndani ya seli za ini, kisha wakakiona kile cha binadamu, Plasmodium vivax, katika kipande cha ini la mtu aliyejitolea. Dhana ya Schaudinn ikaanguka. Kimelea kimoja kikiingia kwenye seli ya ini huzaa maelfu kabla seli haijapasuka na kuvimwaga kwenye damu. Homa huanza baada ya hapo.

Lilibaki swali la vivax kurudi baada ya miezi, hata kwa mgonjwa ambaye hajaumwa tena na mbu. Mwaka 1980 Wojciech Krotoski na wenzake, Garnham akiwemo akikaribia umri wa miaka 80, walitangaza kuona kwenye ini vimelea vidogo vilivyolala bila kukua, vikaitwa hipnozoiti. Dawa zinazosafisha damu haziviui hivyo. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa vivax huongezewa dawa nyingine, kama vile primakwini, inayovifuata ndani ya ini.