Heinrich Brode na Habari za Tippu Tip

Watu wa Tabora wanalijua jina la Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip. Walakini ni wachache walijuao jina la mtu aliyefanya habari zake zisipotee. Mtu huyo ni Daktari Heinrich Brode, Mdachi, aliyetumika katika ubalozi wa nchi yake huko Unguja, na kwa njia ya kazi hiyo akawa mwanachuoni wa mambo ya nchi zetu.

Kazi ya balozi si kuandika vitabu. Yeye hutunza mambo ya raia na wafanya biashara wa nchi yake, na kuipasha habari serikali yake. Lakini kazi hiyo yamtaka ajue lugha ya wenyeji, tena yamkutanisha na wakubwa wao. Tippu Tip alirudi Unguja mwaka 1891, akakaa huko hata alipofariki mwaka 1905. Brode alimwomba aandike mwenyewe maisha yake. Mzee akakubali, akayaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu.

Hapo ndipo elimu ilipotakiwa. Katika mwandiko wa kale wa herufi za Kiarabu, sauti za e na i hazikutengwa, wala o na u. Tena herufi moja ya b ilitumika pia kwa p na kwa mb. Kwa hiyo neno «pembe» na neno «bibi» huweza kuandikwa sawasawa. Asiyejua lugha barabara hawezi kusoma. Ni lazima afahamu maana kwanza, ndipo alitamke neno. Brode aliyageuza maneno yale kwa herufi za Kizungu, akayafasiri kwa Kidachi, yakapigwa chapa katika jarida la Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin, miaka ya 1902 na 1903. Katika miaka ya 1958 na 1959 W. H. Whitley aliyatoa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Je, Tabora yapata faida gani? Twasoma ya kuwa Muhammed bin Juma, babaye Tippu Tip, alikaa Ituru karibu na Tabora, na mkewe mmoja alikuwa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Kwa jambo hili twafahamu msingi wa biashara ya pembe. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji haikupita kwa nguvu za bunduki tu. Ilihitaji wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Ilihitaji chakula, na radhi ya watemi. Mgeni aliyeoa kwa mtemi alikuwa amepata mlango. Ukwe huo ulipokuwa imara, njia ilikuwa wazi. Lakini baada ya kufa Fundikira, Mnywa Sere aliyemrithi aligombana na Waarabu wa Tabora, ikawa vita.

Hata hivyo yatupasa kusoma kwa uangalifu, maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tippu Tip alikuwa mfanya biashara wa pembe na wa watumwa, naye asimulia safari zake kama bwana wa msafara. Brode naye, mwaka 1905, alitoa kitabu chake mwenyewe cha Kidachi juu ya mzee huyo, na katika jina la kitabu akamwita mtawala wa kidhalimu wa Afrika ya kati. Hivyo mtu mmoja ametuachia vitu viwili: maneno ya Tippu Tip, na hukumu juu yake. Vitu hivyo visichanganywe.

Mwaka 1911 Brode alitoa kitabu kingine, juu ya uchumi na biashara ya nchi za Waingereza na Wadachi katika Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata reli ilifika Tabora, na kazi ya wapagazi ikaanza kwisha. Ule mwandiko wa mzee ulikuwa umepatikana kwa wakati wake.

Basi anayetaka kuijua njia ile na aanze na maneno ya Tippu Tip, kisha ya Brode. Akiisha, akumbuke ya kuwa mpagazi aliyechukua pembe begani, na mateka aliyefungwa mnyororo, hakuna balozi aliyewaomba waandike maisha yao.