Mayai ya Samaki: Namna ya Kuyachunga Yasiliwe

Siku hizi watoto wengi wanapenda kuchunga samaki nyumbani. Hapa Kamina nimeona mu nyumba kadhaa sanduku la vioo lililounganishwa na silikoni. Kwa wengine ni beseni tu la plastiki, na ndani mnatembea vitilapia viwili vitatu. Jambo ni zuri. Lakini karibu kila pahali ninasikia malalamiko yale yale: "Pasteri, samaki yetu ilizala, kesho yake hatukuona hata mutoto moja." Wakubwa wanacheka, mtoto analia, na nyuma ya posho moja sanduku linawekwa vitunguu.

Basi, wapapa na wamama, na ninyi vijana, inafaa kujua kwanza uko na samaki gani, kwa sababu kila mmoja ana namna yake ya kuzaa. Tilapia hawafanani wote. Yule mwenye kula majani, wenye elimu wanamwita rendalli, anataga mayai yake chini penye udongo safi, na baba na mama wanayalinda pamoja. Lakini wa jamii ya macrochir wanafanya tofauti. Dume anachimba shimo chini ya mayi, jike anataga humo, kiisha anayaokota mayai yote na kuyaweka ndani ya kinywa chake. Mu kinywa kile yanaanguliwa nyuma ya siku tatu mpaka tano hivi, kama mayi ni ya joto. Watoto wanabaki humo hata posho moja zaidi. Siku zote zile mama hali karibu kitu. Anachezesha taya polepole ili mayai yageuke na kupata hewa.

Sasa fikiri: mtoto wako anaona mama samaki anakataa chakula. Anagonga kioo, anamshika kwa mkono, anaita rafiki zake kuja kuangalia. Mama akishtuka anatema mayai, ao anayameza. Mtoto analia: "Baba, mama ya samaki anakula batoto yake!" Ni kweli, amekula, lakini tumemsukuma sisi wenyewe. Ukiona taya imevimba chini na samaki anajificha mu pembe, uchukue beseni lingine pana, ulijaze mayi ya sanduku lile lile, umhamishe pole pole usiku, ukamfunike na kitambaa juu. Umwache. Siku utakayoona watoto wanaogelea mbele yake na kurudi kinywani, umpe nafasi siku mbili tatu tena, kiisha umrudishe mama kwa wenzake, watoto wabaki peke yao.

Mayi ya robine yana dawa ya kuua vijidudu. Uyaache wazi siku moja ao mbili mbele ya kuyatia. Na kwa sababu umeme unakatika ovyo, usitegemee mashine ya kupuliza hewa. Chombo kipana chenye samaki wachache kinapita chombo kirefu chenye samaki wengi, maana hewa inaingia kwa juu. Kila siku mbili utoe sehemu moja ya tano ya mayi, utie mapya. Watoto wadogo wanakula kidogo sana: kiini cha yai la kuku lililochemshwa, ukikamue ndani ya kitambaa, tone dogo tu. Chakula kikibaki kinaoza na kuua wote. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, kwa upendo.

Wazee wetu hawakuanza jana. Mu miaka ya 1940 na 1950, ku Kipopo karibu na Lubumbashi, kulikuwa kituo cha kujifunza kufuga tilapia. Mbele ya uhuru wa 1960, viziwa vya samaki vya Kongo vilihesabiwa zaidi ya 100,000. Vingi vilikauka na kuota majani, lakini mashimo yake mengine yangali pale pale. Kijana mwenye kutafuta kazi angeweza kuanzia hapo. Soko liko: tazama tu namna wamama wanavyopangana kungoja samaki toka Bukama.

Mwenye kiziwa anaweza kuchunga watoto wa samaki ndani ya wavu mdogo wenye umbo la sanduku, uliofungwa ku miti minne ndani ya mayi. Watu wengine wanachukua chandarua cha mbu. Angalieni sana! Chandarua chenye dawa kinaua samaki, na hata ukikifua mara nyingi dawa inabaki. Tumia kitambaa chepesi kisicho na dawa. Na chandarua kile kile, kikikokotwa ku maziwa ya Upemba na Kisale, kinakusanya watoto wa samaki wasiofika urefu wa kidole. Mvuvi anapata kikapu kimoja leo, na anakosa vikapu vya mwaka kesho. Mimi sipendi kuhukumu mtu mwenye njaa, lakini hesabu ni hesabu.

Kambale ni mambo mengine. Yeye hana habari ya mayai yake kamwe. Mvua kubwa ikinyesha na mayi kupanda mu majani, wanaingia usiku, wanataga, mayai yananata ku majani, na wazazi wanaenda zao. Nyuma ya siku moja ao moja na nusu yameanguliwa. Ukitaka kuyaokoa, weka nyuzi za mitende ao mizizi ya majani ya mayi, kiisha utoe nyuzi pamoja na mayai uyapeleke mu mayi safi pasipo wakubwa. Yai lililokufa linageuka jeupe, linaota manyoya sawa pamba, na manyoya yale yanashika yale yaliyo karibu. Uyaondoe moja moja. Na watoto wa kambale wanakulana: kila posho utenge wakubwa na wadogo.

Ku Ziwa Tanganyika kuna kambale mdogo wa madoadoa mwenye akili mbaya. Wakati samaki mwingine anataga na kuokota mayai kinywani, yeye anapita haraka na kudondosha mayai yake humo humo. Mama anaokota yote. Mayai ya mgeni yanaanguliwa mbele, na watoto wake wanakula wale wa mwenye nyumba ndani ya kinywa cha mama yao. Jambo hili lilitangazwa na wenye elimu mu mwaka 1986. Samaki wa ziwa lile wanauzwa mpaka Ulaya na Amerika kwa kupamba nyumba; ku Bujumbura, Pierre Brichard alikuwa akiwatuma tangu miaka ya 1970.

Lakini kwangu mimi wa ajabu kupita wote yuko karibu nasi, ku Bukama. Ni samaki mdogo kama kidole, dume ana rangi nzuri sana. Max Poll wa Ubelgiji alimwandika mu 1938 kwa jina la Nothobranchius brieni. Anaishi mu vidimbwi vya mvua. Kidimbwi kikikauka, wakubwa wote wanakufa, lakini mayai yamefichwa mu matope. Yanalala humo miezi, uhai wake umesimama. Mvua ikirudi, yanaanguliwa, na watoto wanakua mbio ili wazae mbele ya jua kurudi. Tunapotupa takataka ao mafuta ya moteri mu kidimbwi kikavu tukisema hakuna kitu, huenda kizazi kizima kinalala pale.

Wenye kuwafuga huko ng'ambo wanaweka chini ya sanduku udongo mweusi wa majani yaliyooza. Samaki wakitaga humo, wanatoa udongo, wanaukamua mpaka ubaki na unyevu kidogo tu, wanaufunga mu mfuko wa plastiki na kuandika tarehe. Wanaungoja posho nyingi, ao miezi. Kiisha wanamwaga mayi baridi kidogo juu yake. Saa chache nyuma, watoto wameanza kuogelea. Kama hakuna kitu, hawatupi: wanaukausha tena, wanaufunga, wanangoja, maana mayai mengine yanachelewa kuamka.

Na hapa kwetu, mwezi wa sita na wa saba, usiku kukiwa baridi, usingoje tilapia wako wazae. Funika sanduku na blanketi, uwape chakula kidogo, mpaka joto lirudi.