Hesabu za Timu Kabla ya Mchezo

Huku kwetu Lukozi, juu ya milima ya Usambara, twajua zaidi habari za viazi na kabichi kuliko za mpira wa kikapu. Walakini juzi kijana mmoja wa jirani alinijia ofisini na karatasi yenye hesabu za timu mbili za vyuo vya Marekani.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. (Wengi waniita hivyo bado kwa ajili ya chuo cha ualimu nilichosoma, ingawa kazi yangu sasa ni ukarani wa parokia.) "Tazama wastani wa timu hii. Yaweza kushindwa kweli?"

Mkononi alishika fedha za magunia yake ya viazi. Nikaelewa mara moja: alitaka kuziweka zote katika kamari. Basi nikamwambia aketi, nikamweleza habari za Hasheem Thabeet.

Huyu ni kijana wa Dar es Salaam, urefu wake futi 7 na inchi 3, aliyekwenda kusoma Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wa 2008 hadi 2009 alifunga wastani wa pointi 13.6 kila mchezo, akadaka mipira 10.8 iliyorudi kutoka ubaoni, na kuzuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Hesabu kubwa hizo! Tarehe 4 Aprili 2009 timu yake ilikuwa ikutane na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan katika nusu fainali ya vyuo vyote.

Hebu tujifanye tu usiku wa kuamkia mchezo huo, daftari liko mezani. Connecticut wameshinda michezo 31 na kushindwa 4. Michigan wameshinda 30 na kushindwa 6. Msomaji wa haraka hufunga daftari hapo na kusema: Connecticut.

Mimi kazi yangu ni madaftari, na nimejifunza kuuliza kila jumla imeanza lini na kuishia lini. Tarehe 11 Februari, katika mchezo na Syracuse, mchezaji wao hodari Jerome Dyson aliumia goti, asirudi tena msimu ule. Basi piga mstari chini ya siku hiyo. Juu ya mstari utakuta ushindi 23 na kushindwa mara 1 tu. Chini yake, ushindi 8 na kushindwa mara 3. Ile 31 kwa 4 ni timu mbili zilizoandikwa kwa jina moja! Na itakayoingia uwanjani ni ile ya chini ya mstari.

Kisha tutazame michezo minne waliyoshinda ili kufika nusu fainali. Waliwapiga Chattanooga 103 kwa 47, Texas A&M 92 kwa 66, Purdue 72 kwa 60, na Missouri 82 kwa 75. Ukichukua wastani, walishinda kwa pointi 25 na ushei kila mchezo. Wastani mtamu huo. Lakini soma kwa zamu, moja moja: 56, 26, 12, 7. Kadiri wapinzani walivyozidi kuwa hodari, ndivyo ngazi ilivyoshuka, na Michigan hawakuwa wanyonge. Mchezo mmoja na timu dhaifu umeupandisha wastani wote, kama gunia moja lililouzwa kwa bei ya njaa linavyompotosha mkulima akipiga hesabu ya mwaka ujao.

Liko na jambo lisilo na safu katika daftari. Mchezo ulikuwa Detroit, mji ulio ndani ya jimbo lilelile la Michigan. Watazamaji walipita 72,000, na unaweza kukisia wengi walimshangilia nani.

Michigan walishinda, 82 kwa 73. Thabeet mwenyewe alifunga pointi 17, zaidi ya wastani wake. Siku mbili baadaye Michigan nao walipigwa na North Carolina, 89 kwa 72. Naye Thabeet, mwezi wa Juni mwaka uleule, alichaguliwa wa pili na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi kuu ya kikapu ya Marekani.

Sisemi hesabu hizi zingemwonyesha mtu mshindi. Mstari wetu ulipunguza tu ile hakika ya kwanza, na mwenye kuweka fedha huweka kwa sababu ya hakika.

Kijana alikaa kimya, kisha akanisogezea karatasi yake. "Mwalimu, walioumia wameandikwa wapi hapa?"

Tukatafuta mbele na nyuma. Hawakuandikwa. Wala tarehe za michezo hazikuwamo, ila wastani mtupu. Akaikunja, akazirudisha fedha mfukoni, akaniuliza kama najua bei ya mbolea imefika ngapi Lushoto.