Kuchagua Cherehani ya Kudarizi

Mama amekubali kunianzishia kazi ya kudarizi kwa akiba yake nitakapomaliza masomo. Fedha hizo hazitapatikana mara mbili, kwa hiyo nimelichunguza jambo hili, nami nawaeleza niliyoyaona.

Kwanza jiulize utadarizi nini, ndipo uulize bei. Cherehani ndogo ya umeme yenye sindano moja mara nyingi hudarizi eneo la sentimeta 10 kwa 10 tu. Beji ya shule yaenea. Ua kubwa la shuka halienei. Tena kila rangi ibadilikapo mashine husimama ili utunge uzi mwingine. Beji ya rangi 4 kwa sweta 40 ni kutunga uzi karibu mara 160! Mashine ya sindano nyingi hubadili rangi yenyewe, lakini bei yake ni kubwa sana.

Umeme ukikatika zote mbili husimama. Cherehani ya miguu haisimami. Ondoa kile kiguu kinachokandamiza nguo, lakini teremsha wenzo wake, ama sivyo uzi utalegea. Shusha au funika meno yanayosukuma nguo, wamba nguo katika fremu ikaze kama ngoma, kisha iongoze kwa mikono.

Wala usimalize fedha zote kwa mashine. Bakiza za nyuzi, sindano, fremu, na kitambaa cha kuegemeza nguo isikunjamane.

Mimi nimechagua cherehani ya miguu. Wateja wakiwa wengi, faida yake ndiyo itakayonunua ile ya umeme.