Jasho la nyumbani na jasho la kulipia

Januari ikifika, kumbi za mazoezi za Nairobi hujaa watu kama matatu za jioni. Makarani, walimu, wafanyabiashara, mabibi waliosherehekea Krismasi sawasawa, wote hungojea zamu kwenye mashine ya kukimbilia. Pita pale pale mwezi wa Machi uone: mashine ndizo zinazongojea watu. Wenye kumbi wanalijua jambo hili tangu zamani, na wengi wao humpunguzia bei yule anayelipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja.

Upande wa pili wapo wanaocheka. Utamsikia mmoja akisema, “Mimi nitoe pesa zangu nikainue chuma? Kwani nyumbani kwangu hakuna ndoo?” Huyo naye hununua kamba ya kuruka, akairuka siku nne, siku ya tano akamwachia mtoto achezee.

Basi kati ya hawa wawili, nani amepotea? Ubishi huu ni wa kila siku ofisini na kwenye vibanda vya chai, na mara nyingi huishia katika mzaha. Lakini jambo lenyewe si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne hapa Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na wengi wa waliohojiwa walikuwa hawajapata kupimwa hata mara moja. Ongeza ugonjwa wa kisukari, ongeza magoti yanayolalamika kwa sababu ya kubeba tumbo, ndipo utaelewa kwa nini daktari siku hizi hamwandikii mgonjwa vidonge tu, bali pia humwuliza anatembea kiasi gani.

Babu zetu hawakuwa na haja ya swali hili. Shamba lilikuwa mbali, mto ulikuwa mbali, soko lilikuwa mbali zaidi. Lakini tusiisifu mno taabu ile. Mama anayepanda mlima na mtungi wa maji hafanyi mazoezi. Anafanya kazi, na kazi ile humvunja mgongo kabla ya wakati wake. Mazoezi ni mzigo ambao mtu ameuchagua mwenyewe, akaupima, na akautua anapotaka.

MSULI HAUNA MACHO

Kwanza tujue mwili unadai nini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema mtu mzima anahitaji kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki za mwendo wa kadiri, kama kutembea haraka mpaka pumzi ziende juu. Akipenda jasho kali, kama kukimbia, basi dakika 75 hadi 150 zatosha. Juu ya hayo, siku mbili au zaidi katika wiki aitumikishe misuli mikubwa ya mwili: miguu, mgongo, kifua, mikono.

Hakuna mashine iliyotajwa hapo. Karani anayetembea haraka robo saa asubuhi kwenda kazini na robo saa jioni akirudi, siku tano kwa wiki, amekwisha kulipa deni lake la dakika 150, wala hakuvua tai.

Taabu huanza kwenye misuli. Msuli hauna macho. Haujui kama chuma unachoinua kilitoka Ulaya kwa meli au kilitoka Gikomba kwa mkokoteni. Unachojua ni uzito. Ukizidishiwa uzito kidogo kidogo hukua, na ukiachwa pale pale hukaa pale pale. Mtu anayepiga pushapu chumbani mwake mwezi wa kwanza hutetemeka akifika kumi. Mwezi wa nne anapiga arobaini huku akisikiliza habari za redio. Wakati huo pumzi zake zinafaidika bado, lakini kwa nguvu za kifua mwili wake mwenyewe umekwisha kuwa mzigo mdogo. Lazima atafute kitu kizito zaidi.

VYUMA VYA SARUJI

Hapo ndipo akili ya vijana wa mitaani ilipoonekana. Hakuna mtaa wa Nairobi, Nakuru au Kisumu usiojua vyuma vya saruji. Mikebe ya mafuta ya kupikia, ile ya Kasuku na Kimbo, ya bati enzi zile na ya plastiki siku hizi, pamoja na mikebe ya rangi, ndiyo kalibu. Bomba la chuma ndilo mpini. Unasimamisha ncha ya bomba katikati ya mkebe, unakoroga saruji, mchanga na kokoto, unajaza. Unangoja siku mbili ligande, ndipo unageuza na kufanya upande wa pili. Fundi mwerevu huchomelea kwanza vipande vya nondo kwenye ncha za bomba ili saruji isizunguke wala kuchomoka. Na asiye na haraka huilowesha kwa maji siku kadhaa kabla ya kuiinua, kwa kuwa saruji iliyokauka upesi hupasuka, na kidole cha mguu kikiwa chini yake hakuna wa kulaumiwa.

Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya saruji iliyochanganywa na kokoto huwa na uzito wa karibu kilo mbili na nusu. Mikebe miwili ya rangi ya lita nne nne itakupa kama kilo 19, ukiacha bomba lenyewe. Wako wanaotumia madebe mawili ya lita 20. Hao wanainua karibu kilo 100, na mara nyingi wanainua ili wapita njia waone.

Ubaya wa vyuma hivi ni kwamba havipunguzwi wala haviongezwi. Ukitaka uzito mwingine, tengeneza vingine. Tena mkebe mmoja ukijaa kuliko mwenzake, bega moja hufanya kazi kuliko jingine, na baada ya mwaka mtu huanza kutembea ameinama upande. Hatari kubwa zaidi ni ya yule anayejilaza kwenye benchi peke yake, amejifungia mlango, akaushusha mzigo kifuani usirudi juu. Klabuni kuna mwenzio wa kuushika. Chumbani una kelele zako tu.

Na chumba chenyewe ni kipi? Wanaosifu mazoezi ya nyumbani aghalabu ni watu wenye sebule. Mwananchi anayekaa katika chumba kimoja na mke na watoto watatu ataruka kamba wapi, juu ya kitanda? Aliyepanga ghorofani akiruka saa kumi na moja alfajiri, jirani wa chini hupanda na ufagio mkononi.

Hata hivyo nyumbani kuna fadhila moja ambayo hakuna ukumbi unaoweza kuiuza: hakuna macho ya watu. Wanawake wengi hukataa kwenda jimu kwa sababu hiyo, nao hawana makosa. Mama mwenye mwili mkubwa anayeanza mazoezi hataki kutazamwa na vijana waliosimama mbele ya kioo wakihesabu misuli yao. Kumbi nyingine zimelielewa jambo hilo zikaweka saa za wanawake peke yao. Kwingineko mama hufunga mlango, akaweka simu juu ya meza na kumfuata mwalimu aliye katika filamu. Mtindo huo si mgeni. Jane Fonda, mwigizaji wa Marekani, alitoa kanda yake ya video ya mazoezi mwaka 1982, na akina mama huko kwao wakaigombea ili watokwe jasho sebuleni.

NI NINI KINACHOUZWA?

Sasa tuingie ukumbini. Mtu anapolipa ada ananunua nini hasa? Atajibu kwamba ananunua mashine, maji ya moto, muziki. Ukweli ni kwamba anajinunulia tumaini kwamba akishatoa pesa ataona uchungu, na uchungu utamwamsha asubuhi.

Tumaini hilo limepimwa. Wataalamu wawili wa uchumi, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichunguza hesabu za wanachama 7,752 wa kumbi tatu za Marekani kwa muda wa miaka mitatu, wakachapisha matokeo yao mwaka 2006. Waliojiandikisha kwa ada ya mwezi walikuwa wakilipa zaidi ya dola 70. Kwa wastani walifika mara 4.3 tu kwa mwezi. Ukigawa, kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, hali mlangoni pale pale palikuwa na tikiti za safari kumi kwa bei ya dola 10 kila safari. Watu hao hawakuwa wajinga wa hesabu. Siku ya kujiandikisha, kila mmoja aliamini kwamba yeye atakuja kila siku.

Kwa hiyo pesa peke yake haimwamshi mtu. Ni kitu gani basi kinachomwamsha?

Watazame mabondia wetu. Philip Waruinge alitwaa nishani ya shaba katika Olimpiki za Mexico mwaka 1968, kisha ya fedha kule Munich mwaka 1972. Robert Wangila akatwaa dhahabu Seoul mwaka 1988. Ndondi za Kenya hazikukulia katika majumba ya vioo. Kumbi za jamii kama zile za Pumwani na Kaloleni zilijulikana kwa ndondi kuliko kwa vifaa. Bondia huhitaji kamba, begi la kupiga, glavu na barabara ya kukimbilia alfajiri, vitu ambavyo karibu vyote angeweza kuwa navyo kwake. Mbona basi huenda ukumbini? Kwa sababu huko kuna kocha mwenye kutaja jina la asiyekuja, na kuna wenzake watakaomcheka kesho.

Nenda Iten, kule Elgeyo Marakwet, mita 2,400 hivi juu ya bahari. Kukimbia ni mchezo usiodai chochote ila njia. Hakuna anayemzuia mkimbiaji kutoka peke yake saa yoyote apendayo. Lakini asubuhi utawaona wakitoka makundi kwa makundi, na siku ya Alhamisi mamia hukusanyika kwenye barabara ya vumbi kwa mazoezi ya kubadili mwendo, mabingwa wa dunia wakiwa bega kwa bega na vijana ambao bado hawana viatu vya maana. Hawa ndio watu wanaohitaji vifaa vichache kuliko wanamichezo wote duniani, na bado hawafanyi peke yao.

Kwa maoni yangu, ubishi wa nyumbani au jimu umewekwa vibaya. Mtu wa kwanza anatoroka klabuni kwa kuwa hakuna anayemjua pale. Mwalimu hajui jina lake, na kadi yake ikipotea hakuna atakayeuliza. Wa pili anaiacha kamba kwa sababu iyo hiyo. Maradhi yao ni mamoja, ingawa mmoja ametumia pesa zaidi.

Mwaka 2020 ulitufundisha jambo hili kwa nguvu. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa hapa nchini tarehe 13 Machi, kumbi za mazoezi zikafungwa, na tangu tarehe 27 mwezi huo kafyu ya usiku ikawazuia hata wale wa kukimbia kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Waliokuwa wamezoea mashine tu walikaa. Waliokuwa na wenzao walipigiana simu, wakahesabiana pushapu kwa mbali, wengine wakapanda na kushuka ngazi za ghorofa zao.

JIMU ZA MABATI

Kuna njia ya katikati, nayo haipewi sifa inayostahili. Katika mitaa kama Mathare, Kibera na Kayole ziko jimu za mabati. Vyuma vyake ni gia na magurudumu ya injini za magari yaliyokufa, yaliyochomelewa na mafundi wa jua kali, na benchi ni mbao zilizofunikwa kipande cha zulia. Malipo ni shilingi chache za siku ile ile, kwa hiyo hakuna anayenunua matumaini ya mwaka mzima. Ukikosa kufika siku tatu, mtu atakuita barabarani, “Wee, mzee, umetutoroka?” Swali hilo la bure lina nguvu kuliko kadi ya plastiki.

Nazo zina upungufu wake. Nyingi hazina mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na bingwa wa pale hudhani kila mtu ni kijana wa miaka ishirini. Mtu wa miaka hamsini mwenye shinikizo la damu asikubali kuinua mzigo mzito huku amebana pumzi, kwa maana damu hupanda ghafla wakati ule. Aanze kwa daktari, kisha kwa mwalimu anayejua kazi yake, na kwa mtu kama huyo ukumbi wa kulipia una thamani yake kamili, angalau miezi ya mwanzo. Vile vile aliyevunjika goti au mama aliyejifungua juzi.

Ukiwa umekata shauri kujiunga, usilipe siku ya kwanza. Nenda saa ile ile utakayokuwa ukienda, si saa nne asubuhi wakati ukumbi ni mtupu. Hesabu watu wanaongoja mashine. Mwombe mwalimu akuonyeshe namna ya kuchuchumaa na mzigo, uone kama atautazama mgongo wako au simu yake. Tazama kama watu wanaamkiana kwa majina. Kisha uliza kama wanapokea malipo ya siku moja moja, na jibu likiwa hapana, uliza ni kwa nini.