Maneno na Kamusi, Sehemu ya 6: Kitenzi kimoja, maana 645

Kenya ikielekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, kitenzi kimoja kifupi kimerudi kutamba katika habari za Kiingereza: "run". Mwanasiasa anayetaka kiti hutajwa kwa kitenzi hicho. Ukurasa wa michezo hukitumia kwa wanariadha wa Iten, ukurasa wa biashara kwa meneja anayeongoza kampuni, na habari za bei kwa duka lililoishiwa unga. Mwandishi anayezitafsiri habari hizo kwa Kiswahili anahitaji vitenzi vinne: gombea, kimbia, endesha na ishiwa. Aking'ang'ania kimoja, ameharibu habari.

Sehemu zilizotangulia zilikwisha kueleza kidahizo ni nini na kwa nini maana za neno moja hupewa namba. Leo kinafunguliwa kidahizo kimoja tu, yaani neno moja linaloelezwa katika kamusi, nacho kinatosha.

Kwa miaka mingi bingwa wa wingi wa maana katika Kiingereza alikuwa "set". Toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, la mwaka 1989, lilikipa kitenzi hicho maana 430, na maelezo ya neno hilo yalichukua maneno yapatayo 60,000, urefu wa riwaya. Kazi ya kuisahihisha upya kamusi hiyo ilipoanza, "make" ikaipita "set" mwaka 2000, kisha "put" ikashika uongozi mwaka 2007. Mwaka 2011 "run" ikaziacha zote nyuma kwa maana 645, na hizo ni za kitenzi peke yake, bila nomino. Mhariri Peter Gilliver alikaa na neno hilo miezi tisa.

Wingi huo una chimbuko lake. Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, hadi leo kina vitenzi viwili: "rennen", kukimbia, na "rinnen", kutiririka. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na kitenzi cha kwenda mbio na kutiririka, na kingine cha kukifanya kitu kiende mbio. Karne zikapita, vikafanana, vikawa kimoja. Ndiyo sababu mto unaotiririka, pua yenye mafua na farasi anayekimbizwa hugawana neno moja. Kisha zikaja mashine: mtambo wa mvuke, garimoshi, kompyuta. Kila chombo kilichoweza kwenda chenyewe kikapewa kitenzi hichohicho.

Sarufi nayo ina mkono wake. Kiswahili kikitaka maana mpya hunyambua: kimbia, kimbiza, kimbilia, kimbizana, enda, endea, endesha, endelea. Tofauti imo ndani ya kitenzi. Kiingereza kilipoteza sehemu kubwa ya viambishi vyake vya kale, kwa hiyo maneno yanayofuata ndiyo hubeba mzigo. "Run into" ni kuugonga ukuta au kukutana na mtu bila kutarajia. "Run out" ni kuishiwa. "Run down" huweza kuwa kumgonga mtu kwa gari, kumsema vibaya, au betri kuisha nguvu. Mwanafunzi anayekaririshwa kwamba "run" ni kukimbia amepewa maana moja kati ya 645, na mwalimu anayeridhika hapo anampunja.

Maana hizo hazikuhesabiwa kwa kubahatisha, na habari ya waliozikusanya inastahili kusimuliwa kwa kituo. James Murray, mtoto wa fundi cherehani wa kijiji cha Denholm huko Scotland, aliacha shule akiwa na miaka 14 na akaendelea kujisomea mwenyewe. Mwaka 1879, akiwa mwalimu katika shule ya Mill Hill, London, alikabidhiwa uhariri wa kamusi hiyo ya Oxford. Alijenga kibanda cha mabati, akakiita Scriptorium, akakijaza visanduku vya kupangia karatasi. Kisha akatoa wito kwa wasomaji popote walipo: soma kitabu, na ukikuta neno limetumika kwa namna ya kustahili kuandikwa, nukuu sentensi yake kwenye kikaratasi pamoja na jina la kitabu, mwaka na ukurasa, kisha ulete.

Vikaratasi vilimiminika kwa mamilioni. Murray alipohamia Oxford mwaka 1885, posta iliweka sanduku la barua mbele ya nyumba yake. Watoto wake, ambao walifika kumi na mmoja, walipanga vikaratasi kwa alfabeti wakapewa senti mbili tatu. Mmoja wa wachangiaji hodari kabisa alikuwa William Chester Minor, daktari wa jeshi la Marekani aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kuua mtu. Kutoka chumbani mwake alituma nukuu kwa maelfu.

Kitabu cha kwanza, kutoka A hadi "ant", kilitoka mwaka 1884. Murray alifariki mwaka 1915 kazi haijaisha. Ilikamilika mwaka 1928, ikiwa na vidahizo 414,825 na nukuu 1,827,306. Vijana wanaotaka kila kitu kiishe leo na wakijue hiki: kazi hiyo ilikula karibu nusu karne, na aliyeibeba aliacha shule akiwa na miaka 14.

Visawe navyo vina watu wake. Daktari Peter Mark Roget alianza kuorodhesha maneno yanayokaribiana maana mwaka 1805, akachapisha kitabu chake mwaka 1852 akiwa na miaka 73. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow walianza tesauri, yaani kamusi ya visawe, ya kihistoria mwaka 1965. Jengo lao lilipoungua mwaka 1978, vikaratasi vilisalimika ndani ya makabati ya chuma, na kitabu kikatoka mwaka 2009. Kazi zao zinafundisha kwamba visawe hukaribiana bila kulingana. "Flee" ina hofu, "sprint" ina kasi ya umbali mfupi, "jog" ni mwendo wa mazoezi. Kwa Kiswahili pia, mfungwa hutoroka, raia huikimbia vita, na kibaka aliyeonwa hutoka nduki.

Kiswahili nacho kina kamusi zake. Mwaka 1894, Murray akiwa bado Oxford, matbaa ya Clarendon ya mji huohuo ilichapisha kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya A. C. Madan, mmisionari wa Zanzibar. Kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939 zilijengwa juu ya msingi wa Madan. Baadaye zikaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA. Zote ni za kuheshimiwa, ila hazimwonyeshi msomaji ni mwaka gani neno lilianza kuandikwa kwa maana fulani.

Kiswahili kina "piga" yake: piga pasi, piga kura, piga mswaki, piga hodi, piga magoti, piga simu. Ni lini simu ilianza kupigwa? Jibu linaweza kuwa ndani ya magazeti ya zamani kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923.

Waandishi wa habari za uchaguzi wafungue kamusi kabla ya kutafsiri. Na mwenye magazeti ya Kiswahili katika sanduku la babu yake asiyatoe yakafungiwe maandazi. Ayafunue, aitafute "piga", anukuu sentensi nzima, jina la gazeti, tarehe na ukurasa, kisha aipeleke nukuu hiyo kwenye chuo au maktaba iliyo karibu naye.